Jogoo wa Sadaka

Wewe, lile kosa ulilolifanya ukiwa darasa la saba, ungependa liandikwe kwenye kitambulisho chako mahali pa jina? Hupendi. Basi soma hii mpaka mwisho kabla hujairusha kwenye grupu la vijana.

Katika usharika mmoja wa milimani, washirika huleta sadaka za ndizi, mayai na kuku, na ibada ikiisha vinanadiwa pale nje. Aliyekuwa akinadi ni Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, mtu ambaye kwa maneno yake angeweza kukuuzia ndizi zako mwenyewe.

Jumamosi moja ya mazoezi ya kwaya, binti mmoja aitwaye Aikande na wenzake walimkuta jogoo wa sadaka amefungwa nyuma ya jiko la kanisa. Njaa ya wanakwaya mnaijua. Wenzake walishauri, yeye akakamata. Jogoo hakuiona Jumapili.

Mzee Anaeli aliwafumania na sufuria, akawaswaga hadi kwa mchungaji wa wakati ule. Aikande alitubu mbele ya usharika, mama yake akaleta jogoo mwingine, mkubwa kuliko marehemu. Mchungaji akatangaza kwamba yamekwisha.

Yamekwisha wapi! Wiki ileile Mzee Anaeli alimbandika jina la Jogoo, na jina likamganda. Akipita, watoto wanawika. Kitambaa cha madhabahu kisipoonekana, macho yote kwake, kumbe kiko kwa fundi. Aikande akajizoeza kucheka pamoja nao. Kuna jambo moja la siku ile ambalo angelisema, mzee angenyamaza. Hakulisema.

Ikafika siku ya wanafunzi wa kipaimara kuhojiwa mbele ya usharika. Asubuhi Aikande alimwambia mama yake kwamba wakiwika leo, anatoka mlangoni na kanisani harudi tena. Mama alimjua mwanawe. Hakubisha, aliomba tu.

Aliyehoji ni Mchungaji Ulomi, ambaye alikuwa amehamia juzijuzi.

"Unaitwa nani, binti?"

Benchi la nyuma likawika. Aikande akautazama mlango. Ulikuwa wazi.

"Jogoo," akasema.

Kanisa zima likaangua kicheko, isipokuwa mchungaji.

"Nimeuliza jina ulilobatizwa."

"Aikande. Ila hapa sina hakika kama bado linatumika."

Mchungaji akataka kujua kulikoni, akasimuliwa yote: jogoo, toba, jogoo wa pili. Akauliza kama binti alisamehewa. Usharika ukaitikia ndiyo, kwa sauti ya watu waliojiridhia sana.

"Kumbe ndiyo desturi yenu," akasema, "kumsamehe mtu halafu kumwita kwa kosa lake. Haya, tusimbague huyu peke yake. Mzee Anaeli, wewe ni kiongozi, tuanzie kwako. Wewe tukuiteje?"

Mzee Anaeli akamtazama Aikande. Binti alikuwa na neno mdomoni, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Lakini alipoona jasho linavyoloanisha kola ya mzee, akamwonea huruma. Kusimama pale huku watu wanakungoja, yeye alikujua. Akakaa kimya.

Angesemwa, labda mzee angekana. Kule kunyamaziwa ndiko kulikomshinda. Akainuka taratibu, akavua miwani.

"Niiteni Paja," akasema. "Siku ile nilipowakuta, nilikaa nao, nikala paja kwanza. Kisha nikafuta mdomo, nikawapeleka kwa mchungaji."

Funzo: Kijana, Kristo akikusamehe kosa, kosa hilo si jina lako tena, itika lile ulilobatizwa nalo. Na wewe unayewawikia wenzako, pangusa mafuta mdomoni kwanza.