Kidari cha Mpiga Besi

Sogeeni. Mwenye kigoda akae, asiye nacho aegemee jirani, mradi asiniegemee mimi, maana mgongo wangu umezunguka dunia vya kutosha. Nina jambo linanisumbua. Nimelibeba kwenye mabasi na kwenye viwanja vya ndege, nimewauliza watu wenye akili na watu wenye tai. Kila mmoja alinijibu kwa uhakika kabisa, na hakuna wawili waliokubaliana. Leo ni zamu yenu.

Palikuwa na watu watatu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huko kwenye kahawa na migomba. Wa kwanza alijua kupumua. Mtasema hata mbuzi anajua, subirini. Wa pili alijua kukataa. Wa tatu alijua kusubiri. Na katikati yao alikuwapo mtu wa nne ambaye hakujua hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Huyo ndiye rafiki yangu, Mzee Anaeli.

Anaeli alikuwa mpiga besi katika bendi ya matarumbeta ya kanisa lao. Besi ni lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kama chatu aliyemzoea. Akipuliza, vikombe vinatetemeka kabatini. Kisha UVIKO ukaja. Homa ikapanda, ikashuka, vipimo vikasema ugonjwa umeondoka. Kweli uliondoka, ila kama mgeni asiye na haya, uliacha mizigo yake sebuleni. Miezi ikapita, Anaeli akifunga kamba za viatu anahema. Akioga, lazima alale. Akisoma ukurasa mmoja wa Biblia, maneno yanamtoroka. Madaktari wakauita UVIKO wa muda mrefu. Kaka yake mkubwa, Mzee Ombeni, akauita uvivu.

Katika miezi hiyo mama yao akafariki. Alizikwa juu, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Bendi ikapiga bila besi. Anaeli aliusikia wimbo akiwa kitandani, unashuka mlimani kama nyumba isiyo na sakafu.

Sasa, bendi ile ina desturi yake. Alfajiri ya Pasaka hupanda kupiga kwenye makaburi ya waliozikwa mwaka ule. Mwaka ule tu. Pasaka inayofuata ina wafu wake. Anaeli akanipigia simu, akipumzika katikati ya sentensi. "Nikishindwa Pasaka hii," akasema, "mama atakuwa amezikwa bila mimi. Moja kwa moja."

Basi akafanya kosa ambalo mtu wa mlimani tu ndiye angelifanya. Kule mtu hapumziki njiani. Ukisimama kwenye mteremko, wapitao wanakuuliza nani amekufa. Siku moja akaamka anajisikia mzima, akajitwika besi, akapanda mpaka kaburini bila kusimama, akapuliza. Majirani wakapiga vigelegele. Kesho yake hakuweza kuinua kijiko. Alilala kama gunia la kahawa, wiki baada ya wiki, na alipoamka alikuwa chini kuliko alikoanzia.

Hapo ndipo anaingia yule wa kwanza, mwenye kujua kupumua. Jina lake Aikande, mtaalamu wa fiziotherapia. Anaeli alikwenda kwake akitegemea kupewa mazoezi ya kijeshi.

"Lala chali, baba," Aikande akamwambia. "Weka mkono tumboni. Pumua."

"Mwanangu, mimi napuliza besi tangu mama yako hajazaliwa."

"Ndiyo, baba. Na sasa unapumua kwa mabega kama kuku mwenye kiu. Vuta kwa pua, tumbo liinuke. Toa polepole kwa midomo, kama unapoza mtori."

Mtori, kwa ambao hawajabahatika, ni supu nzito ya ndizi na nyama, na hupozwa kwa heshima. Anaeli akaupoza mtori usiokuwepo, kisha akauliza ataanza lini kukimbia. Aikande hakucheka.

"Baba, ule mfereji wenu wa maji, wa zamu, unaujua?"

"Nimeuchimba."

"Kiangazi, mkifungulia bwawa lote kwa shamba moja?"

"Migomba ya chini inakufa."

"Ndivyo mwili wako ulivyo sasa. Maji yapo, lakini ni ya zamu. Utapumzika kabla hujachoka. Ukingoja uchoke, bwawa limeshamwagika."

Akampa kazi ndogo mpaka zikamtia aibu: kuinuka kitini, kufika mlangoni, kurudi. Siku mbaya ikija, Aikande anapunguza. Siku nzuri ikija, haongezi kwa pupa. Mara ngapi Anaeli alimwambia, "Binti, leo naweza zaidi," na yeye akajibu, "Vizuri. Hicho ulichobakisha kiwekee kesho."

Wa pili, mwenye kujua kukataa, ni mkewe, Mama Ndewinia. Mnajua mgonjwa anavyotembelewa kwetu. Mtu analeta sufuria ya mtori, halafu anakaa mpaka iishe, na anayeimaliza ni yeye. Mama Ndewinia akaanza kuipokea sufuria getini kwa mikono miwili, na kwa mikono hiyohiyo akimgeuza aliyeileta.

"Ahsante sana, Mungu akubariki. Amelala."

"Nimsalimie kidogo tu."

"Salamu zitafika."

Jembe akalifungia stoo. Siku Mzee Ombeni alipokuja kumtoa mdogo wake akapalilie kahawa, alikuta mlango umejaa mwanamke.

"Shemeji, unamfanya mdogo wangu mwali wa kufungiwa ndani!"

"Basi ni mwali wangu, shemeji. Hatoki."

Ombeni akaondoka na hasira, na maneno yakaondoka naye. Ukoo mzima ukasema mke amemgeuza mume mtoto. Kanisani wanawake wakasogea mbali na benchi lake. Yeye akakaa peke yake, akaimba sauti ya pili bila mtu wa sauti ya kwanza. Na Pasaka ilipokaribia alikusanya vigoda vyote vya nyumbani akavipanga kwenye njia ya kaburini, kila kona kigoda. Watu wakacheka kwamba anafungua kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi niliyekuja kwa Pasaka hiyo, nilipoipanda njia ile, mzima kabisa, sijaugua hata mafua, hakuna kigoda nilichokiruka.

Wa tatu, Kalebi. Huyu anapiga trombone, tarumbeta la kuvuta, na yeye na Anaeli wamegombana tangu kipaimara juu ya nani anaharakisha wimbo. Mwalimu wa bendi alipotaka kumpa mtu mwingine besi, Kalebi alisimama. "Mpeni," akasema. "Mkimaliza mtafute na mtu wa trombone." Besi likabaki kwenye kona ya kanisa limefunikwa kanga. Kalebi akachomoa kile kipande kidogo cha kupulizia, akampelekea Anaeli.

"Lenyewe liache. Puliza hiki tu."

Anaeli akapuliza.

"Mlio gani huo? Kama mbuzi aliyeona kisu."

"Toka nyumbani kwangu."

"Natoka. Kesho narudi kumsikiliza mbuzi."

Na alirudi. Siku ambazo Anaeli hakuwa na pumzi ya maneno, Kalebi, mtu anayeongea hata akinyolewa, alikaa kando ya kitanda kimya, kisha akaaga kwa mkono. Hakuuliza "lini" hata mara moja. Pasaka ilipofika, akabeba trombone yake begani na besi la mwenzake mgongoni. Walitangulia wawili, kabla ya bendi. Anaeli alipoketi kwenye kigoda, Kalebi aliketi chini kando yake, hivi kwamba mpita njia asingejua mgonjwa ni yupi.

"Kulikoni hapo, nani amekufa?" mtu akauliza.

"Hakuna," Kalebi akajibu. "Tumekaa."

Kaburini Anaeli hakupiga wimbo wote. Walikubaliana kwamba Kalebi atabeba mistari, na mwisho wa kila mstari atamwachia noti moja. Akawa anavuta tumbo, anapuliza noti yake, anapumzika. Mimi nilikuwa bado kwenye kigoda cha mwisho, naomba msamaha kwa magoti yangu. Noti ya mwisho ya ubeti wa mwisho ilipokuja, ilikuwa ndefu, na kigoda kilitetemeka. Nikamwona Mzee Ombeni anavua kofia, anakaa chini kwenye njia ya mlimani, mbele za watu.

Msiseme alipona. Kesho yake alilala kutwa, na vigoda vipo njiani mpaka leo. Lakini mama yake ana besi.

Sasa ndio mzigo wangu. Zilipopita siku, Ombeni mwenyewe akachoma mbuzi mzima wa shukrani. Katika ukoo wao kidari, ile nyama ya kifua, hakikatwi. Aliyeugua hukiinua mbele ya wote na kumpa mtu mmoja, na huyo atatajwa kwenye ukoo kuwa ndiye aliyemrudisha. Anaeli akakiinua, na wageni wakaanza, kama mnavyowajua wageni.

"Apewe binti," Ombeni akasema. "Bila yeye mdogo wangu angejiua kwa bidii, na mimi ningemshangilia."

"Bila Mama Ndewinia," akasema mwanamke mmoja wa waliolikimbia lile benchi, macho chini, "hayo maji ya zamu tungeyanywa yote sisi wageni. Na tulimsema vibaya. Kidari ndicho kitakachofuta maneno yale."

"Na bila Kalebi," wakadakia watu wa bendi, "angepona ili afanye nini? Alale vizuri?"

Aikande akasema yeye alifanya kazi yake tu, apewe mama. Mama Ndewinia akasema mke hapewi shukrani kwa mumewe. Kalebi akasema, "Mimi pia nakataa, ila nakataa kwa shida, nina njaa."

Anaeli akafungua kinywa. "Kidari hiki..." Pumzi ikamwishia. Kufumba na kufumbua, Aikande kaweka mkono kwenye tumbo lake mwenyewe, amwonyeshe. Mama Ndewinia kasukuma kigoda nyuma ya magoti yake. Kalebi kainua kiganja, na uwanja mzima ukanyamaza kusubiri. Anaeli akavuta, akaketi, akatulia. Machozi yakamtoka. Kisha akaniangalia mimi.

"Wewe uliyetembea dunia. Nisaidie."

Mimi, niliyetoa maoni katika nchi za watu juu ya mambo yasiyonihusu, nikakumbuka kwamba nyama haina chumvi. Nikakimbilia jikoni.

Kilichotokea nilipotoka siwaambii. Mkikijua mtaacha kufikiri. Nichukulieni kama bado nimesimama pale mlangoni mwa jiko, chumvi mkononi. Nje kidari kinapoa, Anaeli ameketi kigodani, na wale watatu wanatazama chini kila mmoja. Nikitoka, nimtaje nani: aliyempa pumzi, aliyeilinda, au aliyempa sababu ya kuitumia? Semeni upesi, wenzangu. Wananisubiri.