Shamba la Eliwaza na Mbegu ya Darini

"Dawa haiulizi shamba ni la nani, huuliza mbegu ni gani." Mmeisikia leo kwa mama anayekamua mafuta, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Naijua, maana mwaka ule nilikuwa kibarua huko Iramba. Ilianza hivi.

Eliwaza alikuwa mjane. Alivunjika mkono wa kulia, mfupa ukaunga vibaya, jembe likamshinda. Shemeji yake Gunda akapeleka maneno kwa wazee wa ukoo, nao wakakata shauri: alizeti ikichanua na shamba likiwa msitu, shamba litakwenda kwa Gunda.

Eliwaza hakulia. Alikwenda duka la pembejeo, akarudi na mbegu mpya ya alizeti, ile inayostahimili dawa yake ya magugu, pamoja na chupa ya dawa hiyo. Unapuliza shamba zima, magugu yanakufa, alizeti inabaki. Bomba la mgongoni aliliweza, na mpini wake aliusukuma kwa mkono wa kushoto.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi. Mbegu ngeni haikuingia shambani peke yake. Ilichanganywa na mbegu ya nyumbani iliyotunzwa kwenye dari la jiko, ili ipate mwenyeji. Siku ya kupanda, mama mkwe wake, Bibi Yudia, alimimina vibaba viwili kwenye ndoo, kwa moyo mweupe, asiseme neno.

Mvua ikanyesha. Miche ikatoka, na magugu yakatoka zaidi. Gunda akapita mpakani.

"Shemeji, hii alizeti au malisho? Nilete mbuzi?"

"Mbuzi wako wafunge kwako, shemeji."

Asubuhi ya kupuliza, Bibi Yudia alimkuta akijaza bomba.

"Na zile zetu, zitapona?"

"Zetu zipi, mama?"

"Nilizochanganya. Mgeni angeingiaje bila mwenyeji?"

Eliwaza akalitua bomba. Akaitazama miche. Yote ilifanana, usingeweza kutenga huu na ule.

"Ulitia kiasi gani?"

"Vibaba viwili. Lakini zimelala udongo mmoja, mwanangu, zimenyeshewa mvua moja. Dawa itazibaguaje?"

"Tupulize mstari mmoja, tuone."

Baada ya siku nane, magugu ya mstari ule yalikuwa yananyauka. Na katika kila miche mitatu ya alizeti, mmoja ulikuwa umegeuka njano kwenye kichipukizi. Bibi Yudia akainama, akaupapasa.

"Huu ni wetu. Nimeuua mimi. Basi tung'oe magugu kwa mikono."

"Ekari mbili, mama? Mimi na mkono huu, wewe na mgongo huo?"

"Ukipuliza utapoteza theluthi."

"Nisipopuliza nitapoteza shamba."

Akavaa bomba, akaanzia mpakani kwa Gunda. Alipumzika mara nyingi, lakini hakuacha mstari hata mmoja.

Wazee walikuja alizeti imechanua. Mistari ilikuwa na mapengo kama kinywa changu hiki, ila chini palikuwa safi. Gunda akayaonyesha mapengo kwa kidole, moja baada ya jingine. Mzee mmoja akamwambia, "Tulisema msitu. Uko wapi?"

Hapo shauri likaisha. Shamba likabaki la Eliwaza.

Wazee walipoondoka, Gunda alibaki. Yeye alichelewa kupanda, na miche yake michanga ilikuwa imemezwa na majani.

"Shemeji, nigawie dawa iliyobaki. Ukoo wetu mmoja, mashamba yamepakana, na mimi nimepanda alizeti kama wewe."

Eliwaza akaichukua chupa ya dawa. Aliyejibu ni Bibi Yudia, mama aliyemzaa Gunda.

"Ulipanda mbegu ipi?"

"Ile yako, mama. Ya darini."

"Basi iache hiyo chupa, mwanangu, ukashike jembe. Dawa haiulizi shamba ni la nani, huuliza mbegu ni gani."