Kiti cha Mgeni, Kitanda cha Dirishani

“Mwongozo wa Matumizi ya Kiti cha Mgeni Kando ya Kitanda cha Mgonjwa.” Ndivyo kilivyosema kibao cha wodi moja, na chini yake: wageni wasizidi wawili kwa wakati mmoja. Kulikuwa na mfua bati mmoja, mjane, aliyelazwa kitanda cha dirishani. Mwongozo huo hakuuvunja hata mara moja. Kiti chake hakikuwa kimekaliwa na mtu.

Bati lilimkata mguu akiwa nyumbani, kidonda kikaoza. Daktari alishaanza kutaja kuukata, ila kwanza akaagiza usaha upelekwe maabara, uoteshwe, wajue ni kijidudu gani na dawa gani itakiua.

Binti wa maabara akaleta majibu mwenyewe.

“Baba, hawa wadudu wako sugu! Dawa za kawaida karibu zote nimewawekea, wanaota tu kama magugu. Ulikuwa unameza nini?”

“Nilicholetewa. Jirani huyu vidonge vya rangi mbili vilivyobaki vya mtoto wake, yule vidonge vya mkewe.”

“Bila kupimwa? Mtu mzima unapokea tu?”

Mzee akageukia dirisha. “Mwanangu, anayekuletea dawa husubiri akuone ukimeza. Basi mimi nakunywa maji taratibu. Kikombe kikiisha, anaaga.”

Binti akavuta kile kiti, akakaa.

“Imebaki moja wasiyoiweza,” akasema. “Ya sindano. Tutaanza leo.”

Wapendwa, ni nani waliompelekea vidonge? Wachawi? Ni watu wema, wa ibada, kama sisi. Dawa za nusunusu, za ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, ndizo zilizowazoesha wale wadudu. Na kwa nini tulizipeleka? Kwa sababu kidonge unakikabidhi ukiwa umesimama mlangoni, lakini kukaa na mjane kunakula alasiri nzima. Maabara iliuliza kwanza, ndipo ikajibu. Sisi tunajibu, kisha tunaaga. Tuache kugawana mabaki ya dawa. Mgonjwa tumpeleke akapimwe, na tukishafika naye, tukae.

Naona mnatikisa vichwa. Vizuri. Majirani zake nao walitikisa vichwa waliposikia habari zake.

Mguu ulipona. Siku ya kuruhusiwa, mzee alingoja getini hadi jioni, kisha akaenda nyumbani peke yake.