Ndege wa Shaba na Karai la Ngwali

Wamehadithia wahadithiaji, nami nimeipokea kwao nzima nzima bila kupunguza neno, na kama kuna nilichoongeza ni chumvi tu, na chumvi ni haki ya mpishi, kwamba zamani za kale katika mji wa Rasi Yakuti alitawala Sultani Ghalibu bin Shamsi, na huyu alikuwa mtu wa vitu. Nasema vitu! Alikuwa na pete kidoleni, na ndani ya pete aliishi jini aitwaye Shurtumu, na jini huyu alifungwa kwa ahadi ya babu zake kumletea sultani kila alichokitamani, na sultani alitamani kama mtoto anayepitishwa sokoni na mama asiyejua kusema hapana. Alikuwa na kiti kinachotembea chenyewe, hata miguu yake ikasahau ngazi, na upepeo unaojipepea, na chemchemi ya marashi katikati ya ukumbi, na kioo kilichomwonyesha masultani wa nchi saba wanapakua nini mchana huu, na kila alipokitazama kioo kile pilau yake mwenyewe ilimchachia mdomoni.

Siku moja akaisugua pete, na jini akatoka akipiga miayo.

"Labeka, Maulana."

"Shurtumu, kila kitu ninacho. Mbona basi sijui kama nina furaha?"

Jini akakuna pembe. "Hilo nalo, Maulana, lina chombo chake."

Akapotea, na kabla mate hayajakauka akarudi na ndege wa shaba, mkubwa kama kuku mtetea, macho yake akiki na kichwani kishungi cha dhahabu. Ukimtajia jina la mtu na kukibonyeza kishungi kwa kidole, mdomo wake hugonga ta! kisha husema, kwa sauti ya kadhi mwenye mafua, furaha ya mtu huyo ni vibaba vingapi.

Sultani akajitaja, akabonyeza. Ta! "Vibaba tisa!" Baraza zima likapiga makofi. Akabonyeza tena ili asikie utamu wake. Ta! "Vibaba vinane na nusu." Makofi yakakatika. Akabonyeza tena kwa hofu. Ta! "Vibaba vinane." Lahaula! Tangu siku hiyo sultani hakumeza tonge bila kumwuliza ndege kama limempendeza, na wafuasi wake wakajifunza kuweka kicheko shavuni, kama mtu aliyetia uji wa moto kinywani, wakingoja ndege aseme ndipo wajue wacheke au wasikitike.

Na sultani huyu alikuwa na mke, Malkia Zayana, mwanamke mwenye ulimi mtamu, ambaye mwanzo wa ndoa yao alikuwa akimchekesha mpaka kilemba kinamwanguka. Mchana mmoja, wakiwa mezani, akamsimulia habari ya shangazi yake, aliyekuwa na macho hafifu, aliyempigia ngamia shikamoo akidhani ni mkwewe, na ngamia asipoitikia shangazi akarudi nyumbani analia kwamba wakwe wamemchukia. Mdomo wa sultani ukafunguka ili ucheke, na mashavu yakapanda, lakini mkono ukawahi kwa ndege.

Ta! "Kibaba na robo."

Sultani akafunga mdomo. "Kumbe haichekeshi sana," akasema.

Hata chemchemi iliona haya. Malkia akanawa mikono taratibu, akasimama.

"Ewe mwana wa Shamsi," akasema, "mimi niliolewa na mume, sikuolewa na kuku wa shaba. Naenda kwa shangazi. Nakupa siku arubaini. Ukicheka mbele yangu mara moja tu bila kumwuliza huyo, mimi ni wako mpaka kaburini. Usipocheka, siku ya arubaini nitakuja kuchukua talaka yangu, na shangazi atanisindikiza, na ukimwona amemwamkia farasi wako, usishangae."

Akatoka. Sultani akabonyeza. Ta! "Nusu kibaba."

Na msimdhanie vibaya, maana mtu yule alimpenda mkewe. Alikonda, na majoho yake kumi na mawili yakakaa mwilini kama nguo zilizoanikwa juu ya ufagio. Siku ya tano akamwita waziri wake, Burhani, akamwuliza ndege mbele yake, "Katika mji huu, nani mwenye furaha kuliko wote?"

Ta! "Nyumba ya Ngwali mpika halwa, mtaa wa Kisimani. Vibaba mia moja na arubaini!"

Waziri akashika ndevu asije akaziangusha. "Ngwali? Yule ambaye kanzu yake ina viraka, na viraka vyenyewe vimetiwa viraka?"

"Ana kitu!" sultani akapiga goti lake. "Ana kitu amekificha, Burhani, na kitu hicho kitanirudishia mke wangu. Leteni kila kilichomo ndani. Kila kitu!"

Sasa ni lazima mjue halwa ile ilivyokuwa ikipikwa. Asubuhi mapema Ngwali na mkewe, Bi Mize, walikoka moto wa kuni chini ya karai kubwa la shaba, wakatia sukari na wanga na samli na iliki, na toka hapo mwiko haukuruhusiwa kusimama hata kwa kupiga chafya, maana ukisimama halwa inashika chini na kuungua, na mwiko wenyewe, mrefu kama kasia, unataka mikono miwili. Kwa hiyo majirani walikuja kupokezana, huyu akichoka anashika yule, na desturi ya karai ilikuwa kwamba aliyeushika mwiko hana cheo; awe imamu, awe mwizi aliyetubu, atataniwa mpaka ampate wa kumpokea. Pale ndipo walipochumbiana watu, na waliogombana wakashikishwa mwiko mmoja, ana kwa ana, mpaka jasho la huyu limdondokee yule wacheke.

Askari wakafika, wakazoa kitanda, wakazoa mkeka, wakazoa ungo na kuku wawili, na mwisho wakabeba karai na mwiko wake, na Bwana Sururu muuza kahawa, aliyebakiwa na jino moja alilolitumia kwa maneno makali, akawapigia kelele, "Chukueni na moshi! Moshi mmeusahau!"

Huko kasrini, sultani akakilalia kitanda cha Ngwali. Kamba zikakatika krrr! na mtukufu akapita katikati, kiuno sakafuni, miguu hewani. Kutoka humo ndani akanyoosha mkono, akabonyeza. Ta! "Robo kibaba." Akalikalia karai siku tatu, akilitazama lilivyo tupu na baridi. Robo ile ile. Akaulizia nyumba ya Ngwali. Ta! "Vibaba mia moja na thelathini!"

"Astaghfirullah! Wamebaki na kuta tupu!"

"Maulana," akasema waziri, aliyekuwa ametuma mpelelezi, "wamekaa sakafuni na majirani, wanaigiza askari wako walivyobeba kitanda. Bwana Sururu anakuwa kitanda."

Sultani alikuwa mpenda vitu, lakini hakuwa dhalimu, na haya zikamshika. Akaisugua pete, akamwamuru Shurtumu awafidie watu wale karai la dhahabu lisilotaka kuni, na mwiko unaokoroga wenyewe, na kitanda cha pembe, na kila mmoja kioo kama cha kwake. "Na sasa," akasema moyoni, "furaha yao itafika vibaba elfu, nami nitajua siri yake."

Akangoja mpaka siku ya thelathini na tisa. Akaitaja nyumba ya Ngwali. Ta!

"Vibaba vinne."

Sultani akaruka kwa mshituko, akaanguka kutoka kwenye kiti kinachotembea, na kiti kikaendelea na safari yake bila mtu, kikatoka mlangoni, na mlangoni kikapishana na Bi Mize anaingia, karai la dhahabu kichwani, mwiko ukijizungusha ndani yake kama kichaa. Akalibwaga mbele ya sultani, ng'waa!

"Maulana, Mungu akuzidishie umri, lakini chukua chombo chako!"

"Bi Mize, kuna kilichovunjika?"

"Kivunjike kipi? Hiki hakivunjiki, hakichoki, hakisemi! Kinakoroga chenyewe toka alfajiri. Majirani walikuja siku ya kwanza wakashangaa, siku ya pili wakasimama na mikono yao haina kazi, siku ya tatu hawakuja. Waje kufanya nini, kutazama? Bwana Sururu sijamwona karibu mwezi. Mume wangu anakitazama kioo, anaona halwa za Maskati, ananiambia yetu imepauka. Mimi naye miaka ishirini na mbili, hakuwahi kuona kitu changu kimepauka!"

"Basi ni kweli," akasema sultani kwa huzuni, "vitu si chochote."

"Nani kasema?" Bi Mize akaweka mikono kiunoni. "Ulipolichukua karai langu nilicheka wiki moja, wiki ya pili njaa ingenifunza kulia. Kitu ni kitu, Maulana. Lakini karai langu lilikuwa likiita watu, na hili lako linawafukuza. Nirudishie langu."

Sultani akamtazama ndege, akamtazama mwanamke. "Kesho ni siku ya arubaini," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho mke wangu ananiacha. Bi Mize, je, naweza kuja karaini?"

"Njoo. Ila uje na mikono yote miwili."

Usiku ule ule karai la shaba na mwiko wake vikarudishwa kwa Ngwali, na asubuhi ya arubaini mtaa wa Kisimani ulishuhudia jambo ambalo wakongwe walifikiri ni dalili ya Kiyama: sultani anakuja kwa miguu, anajikwaa, na ndege wake begani. Ngwali, ambaye kioo chake alikuwa amekifanya kifuniko cha mtungi, akamkabidhi mwiko.

"Maulana, usiuache mpaka mtu aupokee."

Na lo! Kumbe halwa ikianza kuwa nzito ni kama kumvuta ng'ombe kwenye tope. Jasho likamtoka, samli ikamrukia ndevuni, pua ikamwasha na hana mkono wa kuikuna.

"Tazameni," akasema Bwana Sururu, "leo nchi nzima inatawalwa na mwiko!"

"Koroga, mjomba," akasema mwingine, "unapapasa kama unatafuta pete yako humo!"

Waziri Burhani akafumba macho akingoja vichwa vikatwe. Sultani akahema, akasema, "Nikiipata, nitawatumia jini aje anipokee, maana ninyi ni wavivu!" na watu wakaangua kicheko, naye akahisi kitu kinamtekenya mbavuni, akataka kumbonyeza ndege ajue ni nini, lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Hapo ndipo Malkia Zayana alipotokea na shangazi yake, baada ya kufika kasrini na kuambiwa mumewe anapika halwa, naye akadhani anadhihakiwa.

"Ghalibu, nimekuja kwa talaka yangu."

"Usisogee!" sultani akapiga ukelele. "Inashika chini! Zayana, mke wangu, nihurumie, shika upande huo!"

Malkia, kwa kushangaa tu, akashika. Wakavutana na mwiko, ana kwa ana, jasho la huyu likimdondokea yule. Na shangazi, akitaka kuwa na adabu, akamsogelea ndege wa shaba begani, akainama na kusema kwa heshima, "Shikamoo, Kadhi."

Sultani akabana midomo. Na ndege, hajabonyezwa, akaanza kutetemeka.

"Nibonyeze! Bwana, nibonyeze! Toka asubuhi sijala!"

Mikono ikaganda, isipokuwa iliyo kwenye mwiko. "Hujala nini?" akauliza malkia.

"Furaha yake! Mimi napima kwa kuonja! Kila mbonyezo, tonge moja!"

Salaale! Waziri akakaa chini bila kiti. Lakini Bi Mize akapiga makofi. "Kumbe ni mnunuzi wa kuonja! Ninao kumi hapa mtaani, wanaonja mpaka sinia inakwisha, kisha wanauliza bei!"

Na sultani akacheka. Alianza kwa pua, kicheko kikashuka tumboni, kikapanda tena na nguvu, akacheka mpaka kilemba kikaanguka tumbwi! ndani ya karai, na hakumwuliza mtu, wala ndege, wala pete, kama inachekesha. "Usiache mwiko!" malkia akamlilia, naye akicheka mpaka machozi, na shangazi akasema, "Mimi ni shahidi! Japo sikuona vizuri."

Wakaifanyia ndoa yao walima upya kwa halwa ile ile, na watu wa Rasi Yakuti waliapa hawajala tena tamu kama hiyo, ingawa kila mmoja alitoa uzi mdomoni. Ngwali akajengewa banda la makarai kumi, yote ya kukorogwa kwa mkono, na mfuko wa dhahabu juu yake, na Bi Mize akaupokea haraka akisema, "Leta, sisi si malaika." Shurtumu akafunguliwa kutoka kwenye pete, akaomba zamu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mia tatu akaota lengelenge, akawa anazunguka mtaani akiwaonyesha watu. Na yule ndege walimlaza juu ya kifuniko cha karai, azuie nzi, maana kwa uzito alikuwa anafaa sana.

Basi, msikilizaji, chombo kinachokuletea watu mlangoni kitunze, hata kikiwa na masizi, na kinachowafukuza kirudishe kwa mwenyewe, hata kikiwa cha dhahabu. Na furaha usiionje kila saa ili ujue kama ipo, utafika karamuni na sinia tupu. Shika mwiko kwa mikono miwili, na pua ikiwasha, ita jirani.