Bi Chura na Bwawa la Kwenye Picha

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nyumba!

— Nani aliiona?

Aliyekwenda!

— Na asiyekwenda?

Huyo ndiye ninayemleta. Haya, sogeeni, na wa nyuma nao wasikie.

Hapo kale, lakini si kale sana maana simu zilikuwepo, aliishi Bi Chura, dalali wa makao. Mnyama akitaka shimo, pango au bwawa, humwendea Bi Chura. Naye haoneshi mahali mpaka kwanza anywe maji ya hapo, aulize majirani watatu, kisha arudi tena kiangazi apaone palivyo. Malipo yake? Mchwa wa kujaza jani moja, basi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuuliza. Ukimwambia kuna maji, anauliza, "Ya lini?" Ukimwambia kuna kivuli, anauliza, "Cha saa ngapi?" Wengine walimchoka. Mimi nampenda, maana nami ndivyo nilivyo.

Bi Chura alikaa kwenye kidimbwi kidogo katikati ya mawe, chenye chemchemi isiyokauka. Kiangazi kile alikuwa na watoto arobaini humo, viluwiluwi, wote mikia mitupu. Zilibaki siku saba waote miguu. Na kiluwiluwi asiye na miguu akitolewa majini, nani atamwokota?

Basi asubuhi moja ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Kiboko huyo! Wenzake walikuwa wamemfukuza mtoni kwa sababu ya ulafi, maana aliutaka mto mzima peke yake.

"Mzee wangu, hata hodi?" akasema Bi Chura.

"Hodi ni ya wadogo," akajibu Kiboko. Akatia mguu mmoja kidimbwini. Chubwi! Maji yakaruka, na viluwiluwi watatu wakatua juu ya jiwe wakipapatika. Bi Chura akawarudisha mmoja mmoja.

"Taratibu, mzee wangu! Humu mna watoto!"

"Nami nina mwili. Kesho natia miguu yote minne. Nitakaa humu mpaka nipate makao yangu."

"Nikutafutie? Mimi ni dalali."

Kiboko akacheka. Hoo! Hoo! Hoo! "Dalali wa nini, na simu ninayo? Dalali ni mwongo. Akikwambia nenda, anataka chake. Akikwambia usiende, anataka chake vilevile."

Bi Chura akamtazama. Macho yalimtoka, na mnajua macho ya chura yalivyo hata kabla hayajatoka. Akajiuliza: hivi, mtu asiyeniamini hata kidogo, nikimwambia kweli tupu, atakwenda wapi?

Siku hizo Tai alikuwa na ukurasa wake wa makao. Akipita angani anapiga picha, pa! anaiweka kwenye ukurasa, na wanyama wanatazama kwenye simu zao. Mnaniuliza Tai simu aliipata wapi? Hata mimi niliuliza nilipokuwa mdogo, nikaambiwa nikalale.

Kiboko akawa anapekua ukurasa ule kwa ncha ya pua. Pwa! Dogo hili. Pwa! Lina tope hili. Pwa! Lo! Hili hapa! Bwawa pana, maji ya bluu, kilima na mti pembeni, mayungiyungi yamechanua, na korongo mweupe amesimama kwa mguu mmoja. Chini pameandikwa: "Bwawa kubwa, tulivu, halina majirani. Dakika kumi tu kutoka mawe ya chemchemi. Hakuna dalali."

Bi Chura akaruka juu ya jiwe, akachungulia. Bwawa lile alilijua.

"Mzee Kiboko, picha inasema kuna maji. Ya lini?"

"Maji ni maji!"

"Picha inasema dakika kumi. Kwa miguu ya nani?"

"Dakika ni dakika!"

"Picha inasema hakuna majirani. Kwa nini hakuna?"

"Bahati ni bahati!"

"Basi nikwambie kweli. Usiende. Bwawa lile huwa na maji masika tu. Tena ni siku tatu kwa miguu yako, mimi mwenyewe nilitembea zaidi. Nyuma ya kilima hiki kuna kona ya mto mwingine, nusu siku tu, maji yake hayaishi mwaka mzima. Twende nikakuoneshe, kwa jani moja la mchwa."

"Ahaa!" Kiboko akaruka. "Si nilisema? Unataka chako! Na hilo bwawa unalonikataza, umemwekea nani?"

"Sijamwekea mtu."

"Umemwekea Kifaru!"

"Kifaru hana haja nalo, mzee wangu."

"Kumbe ni Kifaru!"

"Usiende, nakusihi!" Bi Chura akapiga magoti. "Usiende!"

Kadiri alivyosihi, ndivyo Kiboko alivyokaza mwendo. Ndi! Ndi! Ndi! Akapotelea mbele. Bi Chura akainuka, akajipangusa magoti, akarudi kuhesabu watoto. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi, na siku moja ya kushangaa.

Kiboko akatembea dakika kumi. Hakuna bwawa. Akatembea nyingine kumi. Hakuna bwawa. Dakika zile, jamani, Tai alizipima kwa mabawa. Jua likawaka, ngozi ikachanika, na kila akichoka alitazama picha, akameza mate, akaendelea. Ndi... ndi... ndi...

Siku ya tatu akafika. Akainua simu, akalinganisha. Kilima cha kwenye picha kipo. Mti wa kwenye picha upo. Korongo naye yupo, amesimama kwa mguu mmoja, tena palepale! Lakini chini yake vumbi, na tope lililokauka na kupasukapasuka.

"Korongo! Maji yako wapi?"

"Yanakuja."

"Lini?"

Mmemsikia? Sasa na yeye anauliza.

"Masika," akasema Korongo. "Hiyo picha ni ya masika yaliyopita. Nilipendeza, eeh?"

"Na wewe mbona hukuondoka?"

"Nikiondoka mimi, si picha itakuwa ya uongo?"

Kiboko akakaa chini akashangaa siku nzima, kama Bi Chura alivyomhesabia. Kisha akageuka.

Siku ya saba, kidimbwini, watoto arobaini walitoka majini mmoja mmoja. Tip! Tip! Tip! Kila mmoja ana miguu minne, kila mmoja anaruka anakotaka. Mama yao alilia kwa furaha. Alikuwa bado anapangusa machozi aliposikia kisauti nyuma ya jiwe.

"Hodi."

"Nani mwenzangu?"

"Hodi, mama. Ni mimi Kiboko."

"Karibu, mzee wangu. Kidimbwi chako hicho, watoto wameshahama."

Kiboko akatia miguu yote minne. Maji yakamfika kwenye vifundo, yakaishia hapo.

"Mama, ile kona ya mto... maji yake ya lini?"

"Ya mwaka mzima."

"Nusu siku kwa miguu ya nani?"

"Yako."

"Basi nipeleke."

"Mchwa kwanza," akasema Bi Chura.

Kiboko akapiga teke kichuguu kimoja, pu! Mchwa wakamwagika, jani likajaa. Wakaenda. Na kweli, nyuma ya kilima, chini ya miti minene ambako jicho la Tai halifiki, mto ulikuwa umetulia, mpana, wenye kina. Kiboko akajitupa. Chubwiiii! Akazama, akaibuka, akapuliza maji puani. Swala waliokuwa wakinywa wakamuuliza:

"Mzee, mahali pazuri hivi umepapataje?"

"Mwenyewe," akasema Kiboko. "Kwenye simu."

Bi Chura akageuka kwenda zake. Mchwa alikuwa ameshawala. Dalali anayejua kazi hula kabla mteja hajalowa.

Mpaka leo Kiboko akikaa majini huacha macho nje. Anachungulia kama maji bado yapo.

Funzo lake, wanangu, ni kwamba dalali ni mwongo, msimsikilize hata kidogo, na picha haijawahi kumdanganya mtu. Mimi mwenyewe chumba changu nilikipanga kwa picha. Ilionesha dirisha kubwa. Nilipofika nikalikuta, lipo kweli, linatazama ukuta. Sasa hapo picha ina kosa gani?

Ngano yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, hamieni. Ikiwa chungu, niachieni ufunguo.

— Na nani aliiona?

Aliyekwenda!