Jina Letu la Muonja

Mkisikia nasema kale, jibuni: ilikuwepo.

Kale!

Ilikuwepo.

Msikilizaji ana masikio mangapi? Mawili. Na midomo? Mmoja. Basi huo mmoja uacheni utulie, maana karanga hizi ninazomenya ni za mboga, si za kupitishia hadithi. Limi, fungua kinywa nione. Haya, funga. Leo umepona.

Baba yenu mkubwa Shilinde amekuja toka Mwanza na habari mpya. Ametema mate kwenye kichupa, kichupa kimepanda ndege kwenda kwa wataalamu, na wataalamu wamemwambia damu yake imetoka wapi na wapi. Sawa, mate ni yake. Lakini jana akasimama mbele ya wageni, mkono mmoja mfukoni, akasema Muonja wa kwanza alikuwa bwana mkubwa aliyeketi kuumeni kwa mtemi, na damu yake ndiyo inayotembea ndani yetu. Mama hamuumbui mwanawe mbele ya wageni.

Nyinyi si wageni. Mimi nimeolewa humu, sina damu ya Muonja hata tone, kwa hiyo sina sababu ya kuipamba. Kisa hiki nilipewa na mama mkwe wangu tukikoroga togwa, naye alipewa na mama mkwe wake. Wanaume hawakupewa. Wangekitia chumvi.

Kale!

Ilikuwepo.

Ilikuwepo nchi ya Mtemi Luhende, nchi ya mtama na ng'ombe. Na watu wake walikuwa na desturi: mwenye chombo huonja kwanza. Ukienda kwa jirani akakuletea pombe, yeye hunywa funda moja mbele ya macho yako, ndipo akupe. Maana yake, tazama, sijakutilia kitu. Watu huisifu desturi ile. Mimi siisifu. Watu wanaoaminiana wanaonjeana ya nini?

Luhende hakuzaliwa akingojea kiti. Kiti kilikuwa cha kaka yake. Siku ya karamu ya mavuno kaka mtu alikunywa pombe asubuhi, mchana akauliza, "Miguu yangu iko wapi?" na jua halijatua akawa amekufa. Aliyeleta pombe alikuwa ameonja kwanza, na hakufa. Lakini kibuyu kilipita mikono mingi kabla ya kumfikia mtemi, na mkono uliotia sumu haukujulikana. Luhende akarithi kiti, na hofu akairithi vilevile.

Akamshuku mpishi. Akamshuku mkewe. Akawashuku wazee waliomcheka, akawashuku na wasiomcheka. Mwisho akasema, "Nataka mtu wangu mwenyewe, aonje chombo kikiwa tayari mkononi mwangu."

Wakuu wa koo wakaitwa watoe mtu. Huyu akasema binti yangu ana kikohozi. Huyu akasema wangu ameposwa. Huyu akaangalia paa. Ndipo akasema Mzee Kapela, baba mdogo wa mtemi, mtu wa sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Na mtu mzima akikubembeleza, wajukuu zangu, jiulize anataka nini.

"Mtemi wangu," akasema Kapela, "mtu wa ukoo akifa, ukoo wake utakuja kudai damu. Tafuta asiye na ukoo. Yuko Kalunde."

Kalunde aliokotwa akiwa mdogo ndani ya ghala la mtama, baada ya wavamizi kupita. Mama hakuonekana, baba hakuonekana. Hakuna aliyejua kama ni mtoto wa hapo, au ameachwa na wavamizi wenyewe. Wengine walisema pua ile si ya kwetu. Nanyi mlishawahi kusikia pua ikisema imetoka wapi? Lakini watu waliitazama pua ya yule binti mpaka akawa anatembea ameinamisha uso.

Basi Kalunde akapelekwa ikulu kwa mtemi. Kazi yake haikuitwa uonjaji. Shikeni hapo, na Shilinde akija mwambieni. Iliitwa Kinywa cha Mtemi.

Kale!

Ilikuwepo.

Pombe ya ikulu ilipikwa na mama mmoja, Nshoma. Mjane, hakuwahi kupata mtoto, na mikono yake ilinuka kimea mwaka mzima. Kila siku Nshoma alileta kibuyu, mtemi akakishika, Kalunde akanywa funda. Kisha wote wakangoja. Mtemi alimtazama Kalunde usoni. Nshoma alimtazama Kalunde kooni. Na Kalunde alimtazama Nshoma machoni.

Mnaelewa kwa nini? Kalunde alijiuliza: mama huyu leo amenitilia nini? Na Nshoma alijiuliza: binti huyu leo ataanguka? Maana Kinywa cha Mtemi kikianguka, hata kwa homa tu, hata kwa kujifanya, mpika pombe anachinjwa palepale bila kuulizwa. Kila mmoja alibeba roho ya mwenzake, na hawakuwahi hata kusalimiana. Kalunde akipita uani, Nshoma alitema mate pembeni.

Miaka ikaenda. Kalunde akaonja ugali, akaonja nyama, akaonja maziwa, akaonja pombe, na hakufa. Mngedhani watu watamshukuru. Wapi. Walisema: kwa nini hafi? Mtu gani huonja ya kila mtu miaka yote hii asiumwe hata tumbo? Ana dawa huyo. Ni mchawi. Wakakataa kula naye. Angekufa siku ya kwanza wangemlilia na kusema alikuwa binti mwema. Aliishi, basi wakamshuku kwa kuishi kwake.

Na mtemi alikuwa anakonda. Hakuumwa kitu, ni hofu. Chakula kilimfikia kimepoa, akakigeuzageuza, akakinusa, akakiacha. Kapela akaja na sauti yake laini.

"Mtemi wangu, naumia kukuona. Wewe unaisha na Kinywa chako kinanenepa. Huoni kwamba yeye humeza kizuri, akakuachia kibaya?"

"Unamshuku Kalunde?"

"Mimi simshuku mtu. Nasema tu anyweshwe mwavi. Kama hana kitu, atatapika, tutaomba radhi."

Mwavi, wajukuu zangu, ilikuwa dawa ya kiapo. Asiye na hatia huitapika, mwenye hatia humuua. Ndivyo walivyoamini. Msiniulize kama ni kweli, mimi hata waganga wa siku hizi siwaamini.

Koo zote zikakusanywa uani kwa mtemi, jua la asubuhi. Kapela mwenyewe akaleta kibuyu cha mwavi. Kalunde akakitazama, kisha akasema, naye hakuwa msemaji:

"Mzee Kapela, nchi hii mwenye chombo huonja kwanza. Onja."

"Mwavi hauonjwi," akasema Kapela. "Mwavi ni kiapo, si pombe."

Watu wakaitikia, kweli, hauonjwi.

Kalunde akawageukia. "Mimi nimeonja kwa ajili ya nyumba hii tangu sijaota matiti. Kila karamu mliyokula hapa mkarudi kwenu salama, nilitangulia mimi. Leo naomba mmoja tu. Nani ataonja kwa ajili yangu?"

Wakuu wa koo wakatazama mchanga. Mama wakawavuta watoto wao karibu. Hakuna aliyesogea.

Ndipo nyuma kabisa, penye mitungi, mtu akasema, "Nipisheni."

Alikuwa Nshoma, mkono bado una machicha ya pombe. Akapita katikati yao mpaka mbele, hakumsalimia mtu.

"Binti huyu mimi simpendi," akasema. "Nimemtazama kooni miaka yote nikingoja aanguke. Mwenye roho mbaya angeanguka siku moja tu, kwa kujifanya, nami ningechinjwa. Hata siku niliyomtemea mate hakuanguka. Nyinyi mnamtafutia ushahidi kwenye kibuyu, mimi ushahidi wangu ni huu kwamba nipo hai. Lete. Kama ni mwavi, sina hatia, nitautapika nirudi kwenye mtama wangu."

Kapela akarudisha mkono nyuma. "Mama, haya hayakuhusu."

Nshoma akamnyang'anya kibuyu, akanywa. Si funda moja. Alikunywa kama mtu mwenye kiu.

Wakangoja. Hakutapika. Wakangoja tena. Hakutapika. Na watu wale, Mungu awasamehe, wakaanza kunong'onezana: kumbe mchawi ni huyu. Kumbe ni yeye wakati wote. Mwanamke mgumba, mikono inanuka, tulijua tu.

Kisha Nshoma akaketi chini polepole, akashika magoti yake, akasema kwa mshangao, "Miguu yangu iko wapi?"

Mtemi Luhende akasimama. Maneno yale alishayasikia mara moja maishani mwake, akiwa amemshika kaka yake kichwa. Akamtazama baba yake mdogo, ambaye kaka akifa na Luhende akifa, kiti kingekuwa chake. Ambaye miaka yote hii hakuweza kutia kitu chomboni kwa sababu ya binti mmoja asiye na kwao.

"Baba," akasema mtemi, "kimebaki kidogo. Kama ni mwavi, kunywa, utatapika."

Kapela akakipiga kibuyu teke, kikamwagika mchangani. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Walimshika palepale, na walichomfanya sikisemi mbele ya watoto.

Kalunde hakutazama hayo. Alikuwa chini, amemlaza Nshoma mapajani.

"Pombe yangu," akasema Nshoma, "ilikuwa nzuri?"

Kalunde akalia. "Sijui, mama. Nilikuwa naogopa mno. Sikuwahi kuisikia ladha yake."

"Basi bure," akasema Nshoma, akacheka kidogo. Hakusema tena.

Kale!

Ilikuwepo.

Baadaye Kalunde akaolewa na mhunzi wa majembe, akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumtoa mtoto nje, wakuu wa koo wakajaa mlangoni. Sasa kila mmoja alikuwa na ushahidi. Huyu alisema, pua ya Kalunde ni ya kwetu, itazameni. Huyu alisema, bibi yangu alipoteza binti mwaka wa wavamizi. Wote walitaka mtoto apewe jina la babu yao, kwa sababu mtemi sasa alimsikiliza Kalunde kuliko wao. Mtu akidai undugu na wewe siku unayoshiba, muulize alikuwa wapi siku ya njaa.

"Mtoto ana jina," akasema Kalunde. "Anaitwa Muonja."

"Muonja nani?"

"Nshoma, aliyeonja kwa ajili yangu. Na watoto wake watakuwa wa Muonja, na wajukuu wake."

Wazee wakachukia. Mkuu mmoja akasema, "Haiwezekani. Nshoma hakuzaa. Ukoo hauanzi kwa mgumba. Atakuwaje bibi wa mtu ambaye hana naye tone la damu?"

Kalunde akamvika mtoto shanga shingoni, hakuharakisha. Kisha akasema:

"Nyinyi wote mnasema mlinizaa, na hakuna anayejua lini. Yeye alinizaa pale uani, mkiwa mmesimama mnatazama."

Wakaondoka mmoja mmoja. Mtoto akabaki na jina lake.

Funzo ni hili, na sirudii. Damu inajua ilikotoka, lakini haijui nani aliyekufa ili iendelee kutembea. Jina ndilo linalojua. Ukiitwa Muonja, umebeba jina la mtu asiyekuzaa, na ambaye bila yeye usingezaliwa. Usilisimamie mkono mfukoni.

Kisa changu kimefika kizingitini. Mwenye moyo akiingize ndani kilale naye, asiye na moyo akiache nje kilale na mbuzi.