Mwenye Mchezo ni Nani?

Kaeni vizuri. Leo mimi nasimulia, ninyi mnahukumu.

Tanga walikuwapo watu watatu. Mwanahamisi alijua lugha, Kombo alijua kinanda, na Chausiku alijua kuchekesha watu hata msibani. Wote walipenda jukwaa, na kila mmoja alipenda zaidi kusifiwa peke yake.

Mwanahamisi alipata kijitabu chakavu cha mchezo wa Kiingereza, wa enzi za Malkia Viktoria. Ulikuwa wa tendo moja tu: wachumba wawili wamejificha katika kabati moja. Nyimbo zilikuwamo, lakini muziki wake ulipotea zamani. Akautafsiri kwa Kiswahili kitamu, wakauigiza bila muziki. Watu wakapiga miayo.

Mwaka wa pili Kombo akazitungia nyimbo zile mahadhi. Watu wakatikisa vichwa kwa raha, ila hakuna aliyecheka.

Mwaka wa tatu Chausiku akaigiza bibi mwenye kabati, na ukumbi ukaanza kucheka. Kesho yake Kombo akawasikia wauza samaki wakiimba wimbo wake.

"Huo wa nani?" akauliza.

"Wa Chausiku!"

Wivu ukamwingia. Akaapa kumwaibisha.

Onyesho la mwisho, Kombo akapandisha sauti ya kinanda juu kuliko walivyozoea, ili sauti ya Chausiku ikatike mbele za watu. Chausiku akashtuka. Akasimama kwa ncha za vidole, akapanda kiti, akapanda meza, akiifukuza ile sauti huku anaimba. Watu wakacheka mpaka machozi.

Bibi Sikujua, mwenye ukumbi, akainuka na koja la maua ya asumini. "Mchezo huu naupeleka Mombasa. Mwenye mchezo nimvike, aongoze safari, na jina lake peke yake liandikwe kwenye bango."

"Maneno ni yangu," akasema Mwanahamisi. "Bila hayo mngeimba nini?"

"Mahadhi ni yangu," akasema Kombo. "Mji mzima unayaimba."

"Mbona miaka miwili hamkupata hata kicheko kimoja?" akauliza Chausiku. Kisha akamgeukia Kombo kwa furaha. "Ila nakiri, kaka. Ulipopandisha kinanda ndipo watu walipozidiwa. Ulijuaje?"

Kombo akapiga hesabu. Akizipokea sifa zile, huenda koja likawa lake. Akisema kweli, limekwenda. Akalitazama koja, na Bibi Sikujua bado amelishika mkononi.

Haya, ninyi msio na wivu hata chembe: mngemvika nani?